Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu yaandikwe ndani ya instriksio akademiki

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kutoka Lubumbashi, sisi wakalimani wa lugha ya ishara, waandishi wa braye (maandishi ya nukta ya wasioona) na maasistanti tunaowahudumia wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vikuu na vyuo vya juu vya hapa. Hatuombi msaada wa viti vya magurudumu, wala sherehe ya kuvikabidhi mbele ya kamera. Tunaomba kurasa chache ndani ya instriksio akademiki ijayo, yaani maagizo ambayo wizara yako huvitolea vyuo kila mwaka wa masomo.

Sheria zipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinaitaja elimu ya juu waziwazi, na cha 2 kinahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Tena kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki za wenye ulemavu. Lakini apariteri, mtumishi wa chuo anayepanga vyumba vya mitihani, hafungui sheria hiyo. Anafungua instriksio. Kisichoandikwa humo kinabaki kuwa huruma ya profesa, na profesa akibadilika huruma nayo inahama.

Tuanze na mtihani, maana ndipo mwaka mzima wa masomo unapopotelea. Bado ni jambo la kawaida mwalimu kuingia ukumbini, akaandika maswali ubaoni au akayasoma kwa sauti, na saa ikaanza kuhesabiwa. Asiyeona hauoni ubao. Kiziwi haisikii imla. Mwenye ualbino aliyekaa safu ya sita anaona mng'ao mtupu. Wote watatu wanaishia kumnong'oneza au kumgusa jirani, na msimamizi anaandika ripoti ya udanganyifu.

Dawa yake ni maswali yaliyochapwa kwa kompyuta, yafike saa 72 kabla, kwenye flashi ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na mwalimu, mikononi mwa mtu mmoja anayejulikana katika kila chuo na aliyeapa kutunza siri. Saa 72 si anasa. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu za braye. Umeme ukikatika, printa ya braye inakuwa meza tu, na kazi inarudi kwenye kibao na kalamu ya kutobolea, nukta kwa nukta, kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya hapo lazima msomaji mwingine wa braye, asiye mwanafunzi, apitishe vidole juu ya kila mstari. Kwa uandishi uliozoeleka, tarakimu ni herufi zilizotanguliwa na alama ya namba: alama hiyo ikisahaulika, 25 inasomeka «be», na mwanafunzi wa uchumi anakokotoa upuuzi bila kosa lake. Karatasi nayo iwe nzito, gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi ya gramu 80 nukta zake hulala mara vidole vinapopita.

Muda uongezwe theluthi moja: mtihani wa saa tatu uwe wa saa nne. Wengi wanakubali hilo kwa mdomo, kisha linashindwa kwa sababu ndogo kabisa. Mtihani unaofuata unaanza saa tano na nusu asubuhi katika ukumbi uleule, na msimamizi anataka kwenda nyumbani. Kwa hiyo isiandikwe «theluthi moja» tu. Iandikwe chumba kingine, msimamizi wake mwenyewe, na ratiba isiyompa mwanafunzi huyo mitihani miwili siku moja.

Asiyejua braye, na wapo wengi waliopoteza macho wakiwa watu wazima, anahitaji msomaji na mwandishi. Huyo asitoke darasa moja naye wala departema (idara) moja, lakini awe amezoea Kifaransa cha fani hiyo. Mtu asiyejua kutamka istilahi za biolojia anamvuruga mtahiniwa kuliko giza lenyewe. Asome swali lote, na machaguo yote kwa sauti ileile bila kukazia lolote, kisha aandike kinachosemwa pamoja na makosa yake. Mwishoni wote wawili watie saini. Bila karatasi hiyo, mwanafunzi akifaulu watasema aliandikiwa, na akifeli hana pa kukatia rufaa.

Sasa silabusi, yaani noti za kozi zilizochapwa: hili ni jambo ambalo watu hawapendi kulisema wazi. Mwalimu anauza silabusi, na anaogopa kwamba faili ikitoka, kesho itakuwa kwenye kila duka la fotokopi kando ya ukuta wa chuo. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo tusiipuuze. Mwanafunzi asiyeona anunue silabusi kwa bei ya wenzake, aonyeshe risiti, kisha ofisi ya chuo impe faili ya Word yenye jina lake kwenye kila ukurasa. Mwalimu hapotezi hata franka moja.

Tunasisitiza Word, kwa sababu PDF nyingi tunazopewa ni picha za karatasi. Programu ya kusoma skrini kama NVDA, ambayo ni ya bure na inaongea Kifaransa hata Kiswahili, ikifika hapo inanyamaza. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuteuliwa, faili hiyo ni picha. Milinganyo ya hesabu iliyobandikwa kama picha ina ugonjwa huohuo hata ndani ya Word.

Kwa viziwi, kosa la kwanza ni kuajiri mkalimani mmoja kwa kozi ya saa nne. Baada ya dakika 20 hadi 30 akili inachoka kabla ya mikono, na mkalimani anaanza kuruka sentensi bila yeye mwenyewe kujua. Wanatakiwa wawili wanaopokezana, na wapewe orodha ya istilahi na majina siku mbili kabla. Anatakiwa pia mwandikaji wa noti, kwa kuwa mtu hawezi kutazama mikono na kuandika kwa wakati mmoja. Mwalimu aache kuongea akiwa ameugeukia ubao. Na kabla chuo hakijatafuta wataalamu au video kutoka Ufaransa, kijue kwamba ishara zinazotumiwa na viziwi wengi wa Afrika ya Kifaransa zina asili ya Marekani, kupitia shule zilizotokana na kazi ya Andrew Foster, mmisionari kiziwi Mmarekani, tangu miaka ya 1950. Wakalimani wanaofaa wako hapahapa mjini, na walipwe kwa saa na chuo, si na mzazi wa kiziwi.

Kwa wenye ualbino gharama ni ndogo mno, na ndiyo maana kuwanyima kunatuudhi zaidi: maswali kwa herufi za ukubwa wa 18, karatasi isiyong'aa, kiti cha mbele kilicho mbali na dirisha, na ruhusa ya kuupiga ubao picha kwa simu. Miwani haimalizi tatizo lao. Foleni ya kujiandikisha kwa mtihani nayo isiwe uani kwenye jua la Oktoba.

Kuhusu majengo tutasema machache, ingawa hapo ndipo pesa hupenda kwenda. Njia ya mteremko inahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Ngazi za sentimita 60 zinataka mita 7.2. Tunachokiona mara nyingi ni mita moja na nusu ya saruji iliyolainishwa, ambayo mvua za Desemba zinaigeuza bembea ya kuteleza. Tena wanafunzi wengi wenye ulemavu wa miguu hapa wanatumia trisikleti, baiskeli ya magurudumu matatu ya kupiga kwa mikono, pana na ndefu kuliko kiti cha magurudumu, kwa hiyo mlango wa sentimita 80 hauisaidii. Kiwekwe kibanda cha kuiegesha, na kiti cha kawaida ndani ya jengo. Au njia ya mkato: kozi ya promosheni (darasa la mwaka) yenye mwanafunzi huyo ihamishiwe ghorofa ya chini. Kuhamisha kozi hakuli saruji.

Haya yote yanategemea chuo kujua mapema nani anahitaji nini, na hapo fomu ya usajili inatuangusha. Mwanafunzi anayeombwa cheti cha afya njema ya mwili, kisha akaulizwa kama ana ulemavu, ataandika «hapana». Ondoeni swali hilo. Ulizeni: «Unahitaji nini ili ufuate kozi na ufanye mtihani?», na majibu yaende kwa mhusika mmoja tu baada ya mtu kupokelewa. Swali hilohilo litamsaidia hata mama anayetarajia kujifungua wiki ya sesioni ya mitihani.

Mhusika huyo ateuliwe kwa barua ya rekta (mkuu wa chuo kikuu) au mkurugenzi, awe na ufunguo wa chumba kimoja, na apewe kalenda ya mitihani siku 30 kabla ya sesioni. Bajeti ya chuo iwe na mstari wa saa za wakalimani, wasomaji na karatasi. Tafadhali msinunue printa ya braye kwa kila chuo: ni ghali, ina kelele, na isipopata fundi inalala. Moja kwa mji wote, ikitumiwa kwa zamu, inatosha kuanzia.

Rasimu ya swali la usajili, fomu ya msomaji wa mtihani na kiapo cha siri ziko tayari kwa Kifaransa, kila moja ukurasa mmoja. Tunaomba utuambie tuzipeleke kwa nani katika wizara yako, kabla instriksio ya mwaka ujao haijatiwa saini.

Wakalimani, waandishi wa braye na maasistanti,
Lubumbashi