Mwanangu, acha wimbo uishe

Mwanangu mpendwa,

Barua hii utapewa na konda wa Coaster huko kwa shangazi yako, pamoja na ndizi. Naandika kwa mkono kwa sababu voisi zimenishinda. Mdogo wako ndiye aliyenieleza kwamba zangu zote unazisikiliza kwa spidi mara mbili. Katika ile ya Jumatatu nilikuambia presha ya mama yako ilipanda, tukalala hospitali siku mbili. Ukajibu, "Sawa baba, nimesikia." Kesho yake ukampigia mama yako kumuuliza kama sketi yako imeshatoka kwa fundi. Yeye hakusema kitu. Aliniambia tu kwamba sketi iko tayari.

Siku ile nilikasirika. Hasira imekwisha, imebaki hofu, na Jumamosi unapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Ile habari ya redio ya mzee wa Kiboriloni sirudii, unaijua, na kila mteja wangu anaijua. Wewe, mtoto wa darasa la pili, ulisema wimbo "umelegea" kabla mimi fundi wa redio sijafungua skrubu hata moja, na kweli mpira ulikuwa umelegea, kanda inazunguka polepole, sauti imeshuka. Kwa hiyo usiniambie kwamba husikii vizuri. Unasikia kuliko sisi wote hapa nyumbani. Tatizo lako ni kwamba husubiri.

Nimeliwaza jambo hili kama fundi. Kanda ukiikimbiza, sauti inapanda juu, mtu mzima anageuka panya. Sikio linakuambia papo hapo kwamba kuna kasoro. Simu yako haifanyi hivyo. Programu yake inaubana muda lakini sauti inaiacha palepale ilipokuwa, hivyo baba anabaki kuwa baba, ila pumzi zake zimekatwa. Kabla ya kulitaja neno hospitali nilisita kidogo, mwanangu. Ungesikia nilivyosita ungeshtuka hata kabla sijamaliza. Kwako huko kusita kulipita kama hakukuwepo.

Na nyimbo ni hivyo hivyo. Ulipokuja Pasaka nilikuwa nimekaa mlangoni ukiosha vyombo. Kwa vyombo vya mlo mmoja uligusa simu mara 19. Nilihesabu. Hakuna wimbo hata mmoja uliofika mwisho. Nilipokuuliza ukasema, "Baba, ziko nyingi, huu ukinichosha nahamia mwingine." Usiku nikapiga hesabu. Spotify wenyewe wanasema wana nyimbo zaidi ya milioni 100. Kila wimbo tuupe dakika 3, usilale, usile, usiende msalani: utahitaji miaka zaidi ya 570. Sasa mtu aliyewekewa mlima kama huo atatulia na upi? Mkono wake uko kwenye huu, moyo uko kwenye ule ambao hajaufungua.

Hao hao huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Sekunde 30! Katika nyimbo za bendi kama Mlimani Park au Juwata tulizokua nazo, sekunde 30 magitaa bado yanasalimiana. Baadaye mwimbaji anaingia, anakueleza kisa ubeti kwa ubeti, nani kamkosea nani, na chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze, haiji mpaka umeshamhurumia mwenye kisa. Ukirukia chemko moja kwa moja miguu itacheza, sikatai. Lakini hutajua unachezea msiba wa nani.

Usidhani nasema watu wa zamani walikuwa bora. Tulikuwa na kidogo, basi. Redio ilikuwa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo za bendi zilirekodiwa studio yao Dar es Salaam, na ukiutaka wimbo ulikaa kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, ukiomba mtangazaji asiongee juu yake.

Habari ya bibi yako na kwaya unayo yote isipokuwa mwisho. Unajua kwamba walirekodiwa hapa Moshi, studio ya Sauti ya Injili, na kwamba kanda ilipelekwa mpaka Addis Ababa ndipo irushwe hewani iturudie. Usichojua ni kwamba siku yenyewe betri zilikuwa zimechoka. Babu yako alizianika juani tangu asubuhi. Jioni majirani walijaa, wengine wamekalia magunia ya kahawa, na mimi mtoto mdogo nimebanwa katikati ya magoti yao. Wimbo ulipoisha redio ikafifia, ikazima. Hakuna aliyeusikia mara ya pili. Lakini miaka 20 baadaye bibi yako aliweza kututajia mama yupi wa sauti ya pili alichelewa kuingia ubeti wa tatu. Mimi mwenyewe naweza kuuimba mpaka leo. Wewe nitajie wimbo mmoja kati ya wale 19.

Halafu zikaja memori kadi, na hapo na mimi nina langu. Wakati wa kanda mteja alikuja na karatasi, nyimbo zake kaziandika kwa mpangilio anaoutaka, maana kanda ya dakika 60 ni 30 kila upande, na wimbo wa bendi unakula dakika saba au nane. Alichagua nane, akaumia kuziacha nyingine. Kadi ya GB 4 inameza kama nyimbo 1000. Watu wakaanza kuja wakisema, "Fundi, weka zozote, ijae tu." Niliweka zozote. Ada yako ya sekondari imetoka humo, sijutii ada. Ila kuna kijana alirudi baada ya mwezi akitaka nifute zote niweke mpya. Nikamuuliza, ipi umeipenda nikuachie? Alifikiri muda mrefu, hakuipata.

Ile kanda ya bibi yako akiimba jikoni, uliyoniuliza mwaka juzi, nilikujibu kwamba ililowa na mvua za masika. Haikulowa. Jumamosi moja kanda tupu ziliniishia na mteja alikuwa amesimama. Mama yako hajui.

Sasa nisikilize. Unakwenda kusomea umeme, msichana wa kwanza wa kihamba hiki cha ukoo wetu, na mimi niliyefundishwa kazi kwenye meza ya mtaani Mbuyuni nikilisema hilo kifua kinajaa. Lakini mzunguko wa umeme hausomwi kwa kurukaruka. Mwalimu akiuchora ubaoni, mfuate mpaka waya wa mwisho, hata kama mwanzo umeuelewa na unaona anachelewa. Kosa huwa liko pale ulipoacha kuangalia.

Barabarani vua hedifoni, zote mbili. Bodaboda ya Dar haikusubiri ugeuke. Na punguza sauti: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Mimi nilijaribu spika miaka 25 bila kipimo, sasa sikio la kushoto linapiga filimbi usiku. Mama yako akiniita kutoka upande huo anadhani nimemnunia. Wakati mwingine kweli nilikuwa nimemsikia nikaendelea na redio.

Tafuta kwaya ya usharika ulioko karibu na chuo. Una sauti, na kwenye kwaya huwezi kuruka ubeti, wenzako wanakungoja. Kila siku chagua wimbo mmoja, kaa chini, uusikilize mpaka utulie kabisa. Mmoja tu nakuomba, nyingine osha nazo vyombo. Na mama yako akikutumia voisi, hata ya dakika sita juu ya kuku, isikilize kwa mwendo wake. Mwishoni huwa anataja kitu. Mimi nimeishi naye miaka 26, nakuambia, huwa anakitaja mwishoni, tena kwa sauti ndogo.

Hali yake sasa ni nzuri. Dawa anakunywa kila asubuhi, chumvi amepunguza, analalamika. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mfereji wa paa umeng'oka upande wa jikoni, nasubiri pesa ya mzee mmoja aliyenipa amplifaya nikaitengeneza na hajaja kuichukua. Mdogo wako amekuwa wa tano darasani, mpongeze, ila usimtumie bando.

Ndizi ni za aina mbili: mshare ni za mtori, ndizi ng'ombe shangazi yako anajua atazipikaje. Shuka mbili nimezinunua soko la Memorial, zimefuliwa. Sketi iko chini ya shuka. Pesa ya bweni nitatuma Ijumaa, usimwambie mtu namba ya siri. Basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo lala mapema, na fomu ya bima ya afya iweke kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la buti.

Ijumaa saa mbili usiku nitapiga, mama yako atakuwa pembeni yangu. Mwulize alivyolala hospitali. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Ndoo yenye mfuniko wa bluu ni ya maziwa, shangazi yako aikabidhi kwa konda huyohuyo, tunaihitaji.

Ni mimi, baba yako,
Moshi