Barua kwa mpwa wangu Ujiji: namna ya kulitafuta na kulisoma jalada la Rwagasore

Brussels, Ubelgiji
13 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima hapo Ujiji. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kubisha hodi. Mfikishie dada shikamoo yangu, umsomee na barua hii, maana najua ataitaka.

Umeuliza jalada la polisi la mauaji ya Rwagasore, mwana wa mfalme wa Urundi (leo Burundi), liko wapi na litapatikanaje. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lina mtego ndani yake. Jalada moja halipo. Kuna vipande vilivyotawanyika katika nchi nne au tano, kila kipande kikiwa na lugha yake na masjala yake. Ukikishika kimoja ukadhani ndicho chote, utapotoka na utawapotosha wengine.

Tuanze na tarehe. UPRONA, chama cha Rwagasore, ilishinda uchaguzi wa 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, na kabla mwezi haujaisha Rwagasore alikuwa waziri mkuu. Usiku wa 13 Oktoba, siku kama ya leo, alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, ufukweni Usumbura (leo Bujumbura). Mgiriki Jean Kageorgis alikamatwa baada ya siku chache. Upelelezi ukamgusa Antoine Nahimana, Mgiriki mwingine aitwaye Michel Iatrou, Jean Ntakiyica, na ndugu wawili wa PDC, chama kilichopingana na UPRONA, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, watoto wa Chifu Baranyanka. Kesi ya kwanza ilisikilizwa chini ya Wabelgiji, na hukumu ya kifo ya Kageorgis ilitekelezwa 30 Juni 1962, siku moja tu kabla ya uhuru. Baada ya uhuru Warundi waliifungua kesi upya, na Januari 1963 watu watano wakanyongwa Gitega.

Shika hilo: kesi mbili, dola mbili. Maelezo ya kesi ya kwanza yaliandikwa na watumishi wa Ubelgiji, na kumbukumbu za ya pili zilizalishwa na taifa lililokuwa na miezi michache tangu lizaliwe. Shahidi yuleyule anaweza kuwa na maelezo mawili, na tofauti kati ya maelezo hayo ndiyo ya kuichimba.

Sasa jalada la polisi lenyewe. Humo utakuta hati za mahojiano, ripoti ya daktari, mchoro wa eneo la tukio, orodha ya vielelezo, na barua za kumpelekea mwendesha mashtaka. Linajibu vizuri nani alivuta kifyatulio, bunduki ilitoka wapi, gari lilikuwa la nani, nani alikula na nani usiku ule. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini mpelelezi hulifunga jalada pale washtakiwa wake wanapoishia. Ukilisoma peke yake utatoka na ugomvi wa koo za kifalme, Bezi na Batare, na kina Baranyanka walioshindwa kwenye kura. Ugomvi huo ulikuwepo kweli. Ila swali la nani mwingine alijua, na nani aliwapa moyo, halimo kwenye mchoro wa eneo la tukio. Limo kwenye barua za ofisi: telegramu, madokezo, na mihtasari ya vikao.

Ndiyo sababu watafiti waliolifufua jambo hili hawakuishia kwenye jalada la mauaji. Maelezo yaliyochukuliwa kwa maofisa wa Kibelgiji wenyewe yana watu waliosema kwamba Rezidenti Roberto Régnier, mkuu wa utawala wa Urundi, alitamka kikaoni baada ya uchaguzi kuwa lazima Rwagasore auawe. Maneno kama hayo yapime kwa mizani tatu: nani aliyekuwepo chumbani, aliulizwa lini, na alikuwa na cha kupoteza au cha kupata. Kisha tafuta barua za wiki hiyohiyo uone kama zinaelekea huko au la.

Tahadhari kuhusu maneno ya barua. Mfano mzuri ni wa Lumumba wa Kongo. Tarehe 6 Oktoba 1960 Waziri wa Mambo ya Afrika wa Ubelgiji, Harold d'Aspremont Lynden, alituma ujumbe uliosema lengo kuu ni Lumumba aondolewe moja kwa moja. Aondolewe madarakani, au aondolewe duniani? Tume ya Bunge la Ubelgiji iliyomaliza kazi mwaka 2001 ilihangaika na neno hilo hilo. Huwezi kulikata kwa kamusi. Unalikata kwa kusoma kilichoandikwa kabla, kilichojibiwa baada, na kilichotendwa. Kwa hiyo usinakili sentensi moja ya moto ukaiacha barua. Nakili barua yote, na iliyoitangulia, na jibu lake.

Hapa Brussels mkusanyiko wa kuuanzia unaitwa Archives africaines. Ulikuwa Wizara ya Mambo ya Nje, ukahamishiwa Nyaraka Kuu za Taifa. Tafuta kwa majina ya zamani: Usumbura si Bujumbura, Kitega si Gitega, Urundi, Ruanda-Urundi. Jina la Ntidendereza jaribu pia kwa herufi ya t mahali pa d, maana makarani waliandika walivyosikia. Lugha ni Kifaransa, na Kiholanzi mara mojamoja. Orodha za masanduku ni fupi, nazo mara nyingi zinataja ofisi iliyotunza karatasi, hazitaji tukio. Kwa hiyo usiishie kwenye neno mauaji. Pitia sanduku la Sûreté, yaani idara ya usalama, la Rezidenti, la Gavana Jean-Paul Harroy, na la waziri. Tangu Aprili 1961 waziri huyo alikuwa Paul-Henri Spaak.

Vikwazo ni viwili, na watu huvichanganya. Kwanza, mhuri wa siri: karatasi yenye mhuri huo yaweza kuhitaji ofisi yenye mamlaka nayo iuondoe kwanza. Pili, karatasi za mahakama ya jinai ambazo hazijafikisha miaka 100 huhitaji ruhusa ya mwendesha mashtaka mkuu. Maombi yanayosema "nataka kila kitu" hukataliwa haraka. Andika kesi, mwaka, majina ya washtakiwa, na kusudi lako katika kurasa mbili.

London, kwenye Nyaraka za Taifa huko Kew, kuna mambo ambayo wengi hawayatazamii. Mfululizo FO 371 una barua za Wizara ya Mambo ya Nje, na CO 822 zile za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki. Kumbuka Rwagasore aliuawa chini ya miezi miwili kabla Tanganyika haijapata uhuru 9 Desemba 1961. Nyerere alikuwa waziri mkuu, lakini Gavana Turnbull alikuwa bado yupo, na taarifa za usalama zilikuwa bado zinapanda kwenda London. TANU na UPRONA walikuwa marafiki, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa nguzo ya Rwagasore mjini. Kilichopita kati ya Usumbura na Kigoma kiliwahusu Waingereza pia.

Hapa kuna pengo la kusikitisha. Mwaka huohuo wa 1961 maofisa wa makoloni walielekezwa wachambue mafaili, na yale ambayo yangeiaibisha serikali yao au kuwafichua watoa habari wasiyaachie serikali mpya. Yaliyotakiwa kuteketezwa yachomwe hadi yawe majivu, na majivu yavurugwe. Au yafungwe kwenye makreti mazito yatoswe majini, penye kina kirefu na pasipo mkondo, mbali na pwani. Mengine yalisafirishwa Uingereza yakakaa Hanslope Park, ghala la serikali, bila kutajwa hadharani mpaka 2011, katika kesi ambayo wazee wa Kenya waliifungulia serikali hiyo. Sasa ndiyo mfululizo FCO 141, na Tanganyika imo. Ukikuta ukimya kwenye faili la miezi ya Oktoba hadi Desemba 1961, usiseme hakuna kilichoandikwa.

Kew kadi ya msomaji ni bure, ila lete vitambulisho halisi, kimoja cha jina na kimoja cha anwani. Unaagiza mafaili machache kwa wakati mmoja. Penseli tu. Picha kwa simu yako ni bure, bila mwako wa taa. Ukikuta karatasi tupu inayotaja kifungu 3(4) cha sheria ya kumbukumbu za umma ya 1958, maana yake ukurasa huo umebakizwa serikalini. Nakili namba yake. Unaweza kuomba ufunguliwe kwa sheria yao ya uhuru wa habari hata ukiwa Kigoma, si lazima uwe raia wao, na wanapaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Jibu laweza kuwa hapana, lakini hapana yenye sababu nayo ni kumbukumbu.

Umoja wa Mataifa ndio wa kuanza nao leo hii, maana hauhitaji nauli. Ruanda-Urundi ilikuwa nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja huo, hivyo Baraza Kuu lilitaka uchunguzi, na tume yake ya Ruanda-Urundi iliandika ripoti kuhusu mauaji haya. Maktaba yao ya mtandaoni hutoa hati hizo bure, kwa Kifaransa na Kiingereza. Isome kwanza hiyo kabla hujaomba sanduku lolote.

Nyumbani usipadharau. Kigoma ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Barua ya mkuu wa wilaya Kigoma ilipanda Tabora, kisha Dar es Salaam, na kila kituo kilibaki na nakala yake. Nakala ya Dar ikipotea, ya Tabora yaweza kuwa hai. Sheria yetu namba 3 ya 2002 inafungua kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Nenda Nyaraka za Taifa na barua ya utambulisho ya chuo, ukiomba mafaili ya Jimbo la Magharibi ya 1960 hadi 1962 yanayohusu mpaka, wageni, vyama na bandari. Bandari nakusisitizia: tangu mkataba wa 1921 Wabelgiji walikuwa na eneo lao la gati hapo Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, nalo lilizaa barua nyingi. Kwenye orodha za huku litafute kwa jina Belbases.

Ukishapata karatasi, chora daftari lenye safu nane: tarehe ya kuandikwa, ya kutumwa, ya kupokelewa, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, namba ya kumbukumbu, waliotia saini fupi pembeni, na viambatisho. Safu ya kupokelewa ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayosema nani alijua nini kabla ya 13 Oktoba na nani alijua baada. Onyo likiandikwa tarehe 10 likafika tarehe 16, huwezi kumlaumu mpokeaji. Telegramu zina namba za mfululizo. Tuseme unaona 112 na 114, basi 113 itafute upande wa aliyepokea, maana mtumaji akichoma yake hawezi kuchoma ya mwenzake. Telegramu ya siri nayo yaweza kuwa na nakala iliyoandikwa upya kwa maneno mengine ili kulinda msimbo. Usidhani ni telegramu mbili.

Picha ya kwanza ya kila faili iwe ya ganda la nje lenye namba. Piga na migongo ya kurasa, kwa sababu afisa aliyekuwa na haraka aliandika dokezo nyuma. Nakala za kaboni hufifia. Ziinamishie kwenye mwanga wa dirishani. Usibadili mpangilio wa karatasi hata kama unaona umekosewa, maana mpangilio huo nao unasema faili lilitumikaje.

Jambo moja nakuomba kama mjomba. Mafaili ya makachero yamejaa majina ya watoa habari, na mengine yaliandikwa kwa chuki ya jirani. Watoto na wajukuu wao wapo Buyenzi, wapo Kasulu, wapo hapo Ujiji. Usirushe ukurasa kwenye makundi ya simu. Andika jina kamili kwenye daftari lako tu, na huko nje useme "karani" au "dereva", mpaka uwe umelithibitisha kwa karatasi ya pili isiyotokana na ya kwanza.

Nitumie orodha ya majina ya wazee wenu waliokuwa Usumbura mwaka 1961, pamoja na jina la baba wa kila mmoja, kazi yake, na mtaa aliokaa. Andika matamshi mawili matatu ya kila jina, kisha nitayapitisha kwenye orodha za huku kabla Desemba haijafunga vyumba vya kusomea. Barua zozote za zamani alizonazo dada sandukuni zitieni kwenye bahasha za karatasi, si za nailoni, na msizibandike gundi ya selotepu.

Wasalimie wote, na bibi mpe shikamoo yangu ya peke yake.

Mjomba wako