Kuhusu kasha la babu

Mpenzi mwenzangu,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, na mguu wa Nyanya umepata nafuu. Sisi huku wazima, ila baridi bado haijatuachia. Nakuandikia mbiombio kwa ajili ya yale uliyosema kwenye sauti uliyonituma: kwamba ami yako amepata mnunuzi wa kasha la njumu la marehemu babu, na rahmani, kile kitabu chake cha kuongozea chombo baharini, pamoja na madaftari vitakwenda humohumo. Tafadhali, lisitoke ndani ya nyumba kabla hujaisoma barua hii yote.

Jumamosi nilikwenda Marstal, mji mdogo wa bandari kwenye kisiwa cha Ærø, hukuhuku Denmark. Kutoka hapa Svendborg unapanda feri hadi Ærøskøbing, kama saa moja na robo, kisha basi, na mabasi ya kisiwani hayalipishwi. Wakazi wake ni kama 2,000 tu. Nyumba fupifupi, vichochoro vyembamba vinateremkia baharini. Ungekuwapo ungedhani ni Lamu kwenu, ungeuliza punda wako wapi.

Sasa sikiliza. Miaka ya 1890 mji huo ulikuwa na vyombo vya matanga zaidi ya 300! Wala havikuwa vya matajiri wawili watatu. Chombo kiligawanywa hisa: nahodha ana yake, fundi ana yake, mjane naye ana yake. Hata boma la mawe linalokinga bandari, urefu wake kama kilomita moja, walianza kulijenga wenyewe mwaka 1825. Nilitembea juu yake, upepo unanivuta mtandio, nikawa nawaza watu wa mtaani kwenu.

Jumba lao la makumbusho lilianzishwa 1929, na vitu vingi mle ni vile ambavyo kwa kawaida hukaa uvunguni au darini: masanduku ya mabaharia, barua, sindano za kushonea tanga, merikebu ndani ya chupa. Nahodha akifika bandari ya mbali alimlipa mchoraji amchoree chombo chake, akarudi na picha nyumbani kuitundika ukutani. Zimejaa kuta nzima. Nikasimama sana mbele ya vipande vya mbao vilivyochongwa kama merikebu iliyopasuliwa kati kwa urefu, nusu moja tu imebandikwa kwenye ubao. Fundi alichonga kwanza hiyo nusu, akaipapasa kwa kiganja mpaka umbo limridhishe, ndipo akapima na kuunda chombo chenyewe. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, huko Lamu, wanayabeba hayo yote kichwani, na sijui nani ameyaandika.

Halafu kuna mbwa wa kauri kutoka Uingereza, weupe, wawiliwawili, mkufu wa rangi ya dhahabu umechorwa shingoni. Wenyeji husimulia kuwa mume akiwa safarini mbwa hao walitazama nje dirishani, akirudi wakageuzwa kutazama ndani. Mwenzangu, machozi yalinilenga. Nilimkumbuka Nyanya akipanda darini kaskazi ikianza kuvuma, akitafuta tanga la babu, na wewe unamshika kanga asianguke.

Vyombo vya Marstal vilibeba samaki wa chumvi kutoka Newfoundland kwenda Ureno, Uhispania na Italia, na chumvi ikarudi nyuma. Babu naye alipeleka boriti za mikoko Ghuba ya Uajemi akarudi na tende, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Kazi ni ileile. Wao pia bahari iliwatendea: Vita vya Kwanza vya Dunia viliwazamishia merikebu nyingi, ingawa nchi yao haikuwa vitani. Hata mchoraji wao, Carl Rasmussen, alipotelea baharini 1893 akirudi kutoka Greenland. Lakini mtoto wa Marstal leo akitaka kujua babu wa babu yake alisafiri na chombo gani, ana pa kwenda kuuliza.

Ndiyo maana nalishikilia hili la kasha. Najua ami hana nia mbaya. Paa linavuja na ada za watoto hazingoji. Mnunuzi anataka njumu na misumari ya shaba apeleke kwenye duka la watalii. Rahmani kwake ni karatasi kuukuu, ataitupa kabla hajafika gatini. Mle ndani mna nyota alizofuata babu, siku za kung'oa nanga, majina ya mabaharia wake, na deni la yule wa Shela ambalo alisema atalisamehe lakini hakuacha kuliandika! Ikibidi kasha liende, basi liende tupu. Lakini hata tupu litaniuma.

Yatoe madaftari leo, uyafunge kwa kitambaa cha pamba, uyaweke juu kabatini mbali na ukuta wenye unyevu. Usiyaanike juani. Kila ukurasa upige picha kwa simu, kwenye mwanga wa dirisha, hata kurasa tupu, maana babu alikuwa akiandika pembeni.

Sasa niambie. Mchwa wameingia? Maandishi ni ya herufi za Kiarabu yote, au mengine ni ya Kizungu? Mwalimu bado anaona vizuri, anaweza kukusomea? Dira iko, au ndiyo ile aliyopewa shemeji? Ami ameahidiwa kiasi gani hasa? Nikituma mimi nusu, na Mama Rukia akachanga kidogo, atakubali kungoja? Na mmemuuliza Nyanya mwenyewe anataka nini? Nijibu leoleo, hata kwa sauti, hata usiku.

Ni mimi wako,
mwenzio wa chuoni