Banda la simbilisi: tusikate mbao kwanza

Habari za jioni wanakikundi. Mchoro wa banda nimeupitia, na ahsanteni mlioushughulikia. Kuna jambo moja siwezi kulinyamazia: sakafu. Mchoro unaonyesha wavu ili kinyesi kidondoke chini. Usafi utakuwa rahisi, ni kweli, lakini nyayo za simbilisi hazina manyoya na ni laini. Wavu huzichubua, vidonda vikaingia uchafu na kuvimba. Tuweke mbao nzima, juu yake nyasi kavu nyingi, na tukubali kufagia kila siku.

Halafu joto. Simbilisi hawastahimili baridi kama sungura, ila joto ndilo huwaua haraka. Likipita nyuzi 26 wanaanza kutaabika. Kwa hiyo banda likae kivulini mchana kutwa, si asubuhi tu, na paa la bati lisitumike bila mbao chini yake.

Kuta za mbele ziwe za wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 13. Wavu wa kuku haufai, panya na nyoka wadogo hupenya. Miguu ya banda iinuliwe, mlango uwe na komeo, na chumba cha kulala kiwe na matundu mawili ya kutokea, maana mnyonge akibanwa kwenye kona hupigwa.

Rangi na dawa ya mbao zisipakwe ndani, watatafuna.

Mwenye msumeno na mabaki ya mbao safi aniandikie leo, tafadhali.