Barua kwa Shee: hakimu wa kisiwa kisicho na magari

St Peter Port, Guernsey

Sahibu yangu Shee,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na alhamdulillah kwa habari za mguu wa mama. Hongera pia kwa kurudishwa masjala ya mahakama. Najua ulivyochoka kukimbizana na mashahidi. Uliniuliza kwa kupitia tu kama visiwa vya huku vina mahakama zake au kila kesi hupakiwa botini ikapelekwa London. Swali lako limenikaa kichwani hadi nikawasumbua wenyeji, nikasoma na hukumu moja mbili. Sasa weka chai karibu, maana jibu si fupi.

Kwanza jua kwamba Guernsey, kisiwa hiki kilicho baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, si sehemu ya Uingereza. Ni milki ya mfalme, ina bunge lake, sheria zake na mahakama zake, na mizizi ya sheria hizo ni ya Normandy, Ufaransa. Chini ya Guernsey kuna visiwa vingine vidogo, na kilichonivutia ni Sark. Ni mwendo usiofika saa moja kwa boti kutoka hapa nilipo. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba tano na nusu, na wakazi ni kama 500 hivi. Magari hayaruhusiwi. Watu huenda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari la farasi, na mizigo huvutwa na matrekta. Lami hakuna, taa za barabarani hakuna. Wewe mtu wa Amu, yaani Lamu, ungefika pale usishangae hata kidogo, ila ungeuliza punda wamekwenda wapi.

Basi kisiwa hicho kina hakimu wake mkuu, anaitwa Seneshali. Cheo hicho kipo tangu 1675. Hesabu mwenyewe: Mombasa wakati huo bado iko mikononi mwa Wareno, na Fort Jesus bado haijazingirwa na Waomani.

Zaidi ya karne moja kabla ya cheo hicho kisiwa kilikuwa kitupu kwa muda, na Wafaransa walikuwa wamekwisha kukivamia mwaka 1549. Malkia Elizabeth wa Kwanza hakutaka yajirudie. Mwaka 1565 akampa Helier de Carteret, bwana mmoja wa Jersey, kisiwa jirani na Guernsey, akishike kisiwa chote kwa sharti la kuweka wanaume 40 wenye silaha wa kukilinda. De Carteret akakigawa vipande 40, kila kipande na mtu wake na bunduki yake. Ukishaelewa sharti hilo, mengine yote yanafuata, kwa sababu wenye vipande hivyo 40 ndio waliokuja kuwa baraza la kisiwa, Chief Pleas, na viti vyao vilikwenda pamoja na ardhi. Ukinunua shamba, umenunua na kiti. Mpaka 1922 ndipo walipoongezwa wajumbe 12 wa kuchaguliwa na wakazi.

Mahakama nayo ilianza kwa ugomvi. Walowezi wale walitoka Jersey, kwa hiyo walitaka mahakama kama ya kwao, yenye mkuu na wazee 12 wa kuhukumu naye. Guernsey ikaona hawa vijana wa juzi wanajipa makuu, ikakataa. Wakaishia kuwa na hakimu mmoja na wazee watano. Mwaka 1675 mpangilio huo nao ukaondolewa na yote ikawekwa mikononi mwa mtu mmoja, Seneshali, akisaidiwa na karani wa mahakama, yaani wewe, na mpeleka hati ambaye pia husimamia utekelezaji wa hukumu. Seneshali aliteuliwa na Seigneur, bwana wa kisiwa, kwa idhini ya Luteni Gavana aliye Guernsey. Hakulazimika kuwa mwanasheria. Alikuwa mtu wa kisiwani anayeaminika, mwenye kazi zake nyingine.

Sasa shika hapa. Mtu huyohuyo aliyehukumu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza lililotunga sheria. Asubuhi anaongoza mjadala wa sheria ya mipaka au ya mbwa, kesho jirani wawili wanaletwa mbele yake wakigombana juu ya sheria ileile. Na aliyemweka kitini ni bwana mwenye kisiwa, ambaye naye ana kiti barazani. Kwa miaka zaidi ya 300 mambo yalikwenda hivyo.

Usidhani ilikuwa mahakama ya kunyonga watu. Madai ya raia kwa raia yanaweza kuwa makubwa kiasi chochote, lakini kwa upande wa jinai Seneshali hana meno marefu; makosa mazito huvuka maji kuja Guernsey, na rufaa pia. Jela yao nimeiona. Ilijengwa 1856, ni kijumba cha mawe chenye paa la mviringo kama pipa lililolazwa, vyumba viwili tu, na ndani hakuna dirisha. Mpaka leo mlevi anaweza kulazwa humo usiku mmoja mpaka akili zimrudie. Watalii hupiga picha mlangoni wakicheka. Mimi nilitia kichwa ndani nikakitoa upesi.

Polisi nao ni watu wa palepale, konstebo na msaidizi wake, wenye shughuli zao nyingine. Mwaka 1990 Mfaransa mmoja, André Gardes, mtaalamu wa fizikia ya nyuklia asiye na kazi, alifika na bunduki akabandika matangazo kwamba kesho yake saa sita mchana atakiteka kisiwa. Watu wakasoma tangazo. Kesho yake alikutwa amekaa kwenye benchi akisubiri saa ifike, konstebo akamkamata. Nakuandikia hili ucheke kidogo, maana yanayofuata ni ya sheria tupu.

Kilichoanza kutikisa kiti cha Seneshali hakikutokea Sark. Kilitokea hapahapa Guernsey, kwa mkulima wa maua aitwaye McGonnell. Alitaka kuligeuza banda lake la kufungashia maua liwe makazi, serikali ikakataa kwa sababu mpango wa ardhi hauruhusu. Akakata rufaa. Aliyeketi kuisikiliza mwaka 1995 alikuwa Baili, mkuu wa mahakama ya Guernsey, ambaye mwaka 1990, akiwa bado naibu, ndiye aliyeongoza kikao cha bunge kilichoupitisha mpango uleule. McGonnell hakusema amehongwa wala amechukiwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: aliyesimamia kuzaliwa kwa sheria hii ndiye anayeniambia inanibana. Kesi ikafika Strasbourg, na Februari 2000 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa haki. Shee, mimi kesi hii naipenda kuliko zote. Mtu anataka kulala ndani ya banda lake, anaishia kuyumbisha mpangilio wa karne na karne.

Ukiisoma hukumu ile ukiwa Sark, lazima ujiulize: na huyu wetu je? Aliyeuliza kwa sauti hakuwa mkulima. Walikuwa ndugu pacha, David na Frederick Barclay, matajiri waliokuwa na hoteli ya Ritz ya London na gazeti la Telegraph. Mwaka 1993 walinunua Brecqhou, kisiwa kilicho ubavuni mwa Sark na kinachohesabiwa kuwa sehemu yake, wakajenga ngome. Walipoanza kuishi chini ya sheria za Sark hawakuzipenda. Moja iliyowakera ni ile ya urithi, kwamba mali ya ardhi inamwendea mtoto mmoja mkubwa wa kiume. Baraza lilikubali kuilegeza mwaka 1999. Wakaendelea na mengine: viti vya wenye ardhi, madaraka ya Seigneur, na huyu Seneshali mwenye kofia mbili.

Mwaka 2008 mambo yalifuatana kama mawimbi ya kusi. Aprili baraza la malkia liliidhinisha sheria mpya: viti vya urithi viondoke, wachaguliwe madiwani 28. Tarehe 2 Desemba Mahakama ya Rufaa ya London ikatoa uamuzi kwamba, kwa mtu mmoja kuwa mwenyekiti wa baraza na hapohapo hakimu mkuu, raia wa Sark hawezi kuhakikishiwa mahakama huru isiyoegemea upande. Tarehe 10, siku nane tu baadaye, kisiwa kikapiga kura yake ya kwanza ya namna ile. Wagombea waliopendwa na ndugu wale wengi wao wakashindwa, na kesho yake hoteli na maduka yao pale Sark yakafungwa. Wafanyakazi wakajikuta nje wakati wa baridi, Krismasi ikibisha hodi. Baada ya wiki chache biashara zilifunguliwa tena, lakini uchungu ule haujatoka. Mtaje Barclay mbele ya mtu mzima wa Sark uone uso unavyobadilika.

Na hapa ndipo penye tatizo langu. Kwa moyo niko na watu wa kisiwa. Najua ladha ya tajiri kutoka nje kununua kipande cha pwani kisha akaanza kuwafundisha wenyeji namna ya kuishi. Sisi na wewe hatuhitaji kuambiwa. Lakini katika hili la hakimu, wale ndugu walikuwa sahihi. Mzee mmoja aliniambia Seneshali wote aliowajua walikuwa waungwana, na naamini. Ila uungwana wa mtu haumsaidii mdai anayejua kwamba hakimu wake alikaa kitini wakati sheria inayombana inapita, na kwamba aliyemteua anaweza kuwa na hamu yake katika shauri. McGonnell naye hakumtuhumu mtu.

Kiti kiligawanywa kweli mwaka 2013. Baraza likapata Spika wake, na Seneshali akabaki na mahakama. Aliyekuwa Seneshali wakati huo, Reginald Guille, ndiye aliyechukua uspika. Mwingine akaapishwa kuwa hakimu. Ndugu Barclay hawakutosheka. Walikuwa wamekwisha kushindwa Mahakama ya Juu mwaka 2009 juu ya Seigneur na Seneshali kukaa barazani bila kuchaguliwa, wakarudi tena na swali la mshahara: ikiwa baraza ndilo linalomlipa hakimu na linaweza kumpunguzia, je, uhuru wake uko wapi? Swali zuri sana, ukiniuliza mimi. Mahakama ya chini iliwakubalia hoja hiyo, lakini Oktoba 2014 Mahakama ya Juu ikasema majaji wa London hawakupaswa kulishika jambo hilo, lilipaswa kuanzia mahakama za Guernsey. Yaani baada ya miaka yote ile ya mawakili wa bei mbaya, wakaambiwa warudi nyumbani.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikuwa nikimfikiria liwali. Babu zetu waliishi na mfumo wa jamaa moja na huu. Liwali aliwekwa na Sultani, alitawala mji na aliketi kuhukumu, na Waingereza walipokuja wakaziandika mahakama za maliwali, mamudiri waliokuwa chini yao na makadhi ndani ya kanuni zao mwaka 1897, bila kumtenganisha mtawala na hakimu. Wakamwongeza na DC wao, mkuu wa wilaya, aliyekuwa akikusanya kodi na kufunga watu kwa kutolipa kodi hiyohiyo. Ni sheria za mahakama za 1967 ndizo zilizotuachia mahakimu upande mmoja na makadhi upande mwingine, na liwali akabaki kwenye majina ya majumba na mitaa. Ndiyo maana nacheka ninapowasikia watalii wakisema Sark ni maajabu ya kale. Kwetu yaliisha wakati baba yangu ni kijana, na kwao yameisha nikiwa tayari nina ndevu.

Kitu kimoja sijakifahamu vizuri ila wewe utanieleza. Katika kisiwa cha watu 500, hakimu akishamtoza faini muuza mikate, asubuhi anakwenda kununua mkate kwa nani? Pale Sark nilimuuliza mama wa dukani, akasema, “Kwa yuleyule, na anarudishiwa chenji yake sawasawa.” Amu ni kubwa zaidi, lakini hakimu wenu naye huswali msikiti mmoja na watu aliowahukumu, hukutana nao ufukoni na harusini. Je, mahakimu wageni wanaoletwa kutoka bara hukwepa mialiko, au huzoea? Na ninyi makarani wa palepale, mdaiwa anapokuwa binamu yako, faili unampa mwenzako au unaandika tu na kukaza uso? Nijibu kwa kirefu, usiniletee mistari miwili kama kawaida yako.

Kazi huku ni ileile ya hotelini, msimu unaelekea ukingoni na mikono imeanza kupata nafasi. Mwambie Mwanaisha picha za farasi nitazituma. Mama umpe mkono wangu, na umwambie dawa ya mguu amalize yote, asiache nusu.

Nduguyo,
Omari