Mwanangu, ulimjibu yule mtoto?

Mwanangu, salamu nyingi. Mimi mama yako mzima, baba yako mzima ila lile goti, kuku wawili wamekufa kwa kideri, hayo tuyaache kwanza. Nakuandikia sababu kwenye simu hatumalizani, ukisikia nimeanza tu unasema mama chaji inaisha, na hiyo chaji yako siku hizi inaisha mimi tu nikipiga.

Ile video uliyoiweka WhatsApp nimeiona. Sijaiona kwako, kwako naona umenifungia, kaniletea jirani muuza chipsi, kaja nayo anacheka, mama mwalimu hebu mwone huyu. Nikavaa miwani nikaangalia. Kijana wa kidato cha pili kasimama darasani, shati limebaki na vifungo viwili, kiatu kimoja kina kamba kingine kimefungwa na waya, anauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwanini pampu ya baiskeli ukipampu sana inaunguza mkono. Darasa zima linacheka. Na kuna sauti inacheka karibu na simu, hiyo sauti naijua, nimeizaa mwenyewe. Halafu chini umeandika "profesa wetu" na vile vikatuni vinavolia machozi.

Ulimjibu?

Najua umeifuta nilivopiga, sijakuuliza kama umefuta. Nimekuuliza ulimjibu yule mtoto au ulicheka mpaka kengele ikalia.

Mimi darasa la saba, unajua, lakini baiskeli ya baba yako nimeipampu miaka na miaka na pale chini inaunguza kweli, mpaka nilikuwa nashikia kitenge. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwanini, nilikuwa naona ndo pampu zilivo. Yeye kajiuliza. Na wewe juzi nilivokubana ukanijibu kwa sauti ya kuchoka, mama hewa ikibanwa inapata joto. Maneno manne! Nikakaa na simu mkononi nasema kumbe jibu lenyewe fupi hivi, na lilikuwa kichwani mwako muda wote, sasa mwenye swali lake hukumpa unanipa mimi muuza barafu.

Usinielewe vibaya, furaha niliyonayo na ajira hii ya ualimu ya huko Kasulu, Kigoma, Mungu ndo anaijua, miaka mitatu umejitolea kwenye shule za watu kwa hela ya vocha, na ukoo huu wewe ndo wa kwanza kuvaa joho, ile picha nimeibandika kwenye friji wateja wote wanaiona hata wasiouliza. Ile ya usaili siirudii, unaijua mwenyewe ulivorudi, na yule dada wa mapokezi alivokuangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Ulilia siku mbili. Ndo maana nashangaa, wewe wa ndala, leo unamcheka wa waya.

Huko Kasulu watakuja hivohivo. Tope mpaka magotini, sare ya kaka yake, wengine wametoka kulima kabla ya namba ya darasani, na masomo kwa Kiingereza wanakutana nayo kidato cha kwanza kama mtu anayekutana na mkwe. Utawaangalia hivo hivo? Maana mimi siogopi wewe kwenda mbali, Kigoma ni nchi hii hii na damu yako nusu iko huko. Babu yako mzaa baba si alitoka Buha, huko huko Kigoma kwa Waha, akaja huku kwenye mkonge, manamba, na hilo jina unajua lilitokea wapi, mtu alikuwa anaitwa kwa namba, jina lake alilopewa na mamaake analiacha getini. Kipande, ile kadi yake ya kazi, kinajazwa siku thelathini ndo anakula mshahara. Nyapara anamwona ni mikono ya kukata mkonge basi. Na yule mzee alikuwa anapiga zeze, mimi nimemkuta uzeeni tayari vidole havikunjuki vizuri, na bado akilishika nyumba yote kimya hadi watoto wa jirani. Hamna nyapara aliyewahi kumuuliza. Basi ukifika huko mtu akikusalimia kwa Kiha, mwakeye, itikia vizuri, usijifanye wa pwani.

Habari ya Mpemba, yule Erasto Mpemba wa maziwa ya moto kuwahi kuganda, sikuhadithii, wewe ndo uliniletea ukiwa kidato cha tatu ukaniharibia lita mbili za maziwa kwenye friji eti unajaribu. Lakini mwenzio nimeifikiria wiki nzima hii nikifunga barafu. Mwaka 1963, pale shule ya Magamba, juu ya Lushoto, milima ile ile tunayoiona tukianika nguo, kijana naye wa kidato cha tatu anatengeneza askrimu na wenzake, anaona nafasi kwenye friji inaisha, anaingiza maziwa yake ya moto hivohivo hajangoja yapoe, na yake yanawahi kuganda kuliko ya mwenzie aliyeweka ya baridi. Akauliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Akaenda shule ya Mkwawa Iringa akauliza tena, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya dunia. Ikawa utani, kila akikosea kitu wenzie wanasema hiyo ya Mpemba. Hebu nambie hiyo na "profesa wetu" zina tofauti gani.

Na pale ninapopapenda mimi wewe hukupatilia maanani. Katikati hapo, kabla ya Iringa, alikutana na muuza askrimu Tanga mjini, rafiki yake, akamwambia sisi tunaweka ya moto siku zote, inawahi. Umeona? Wauza askrimu wa Tanga walikuwa wanajua! Hamna aliyewauliza sababu ni wauza askrimu. Mpaka alipokuja yule mhadhiri wa Dar es Salaam, Osborne, Mpemba akanyoosha mkono akauliza mbele ya wanafunzi wenzie, wenzie wanaona aibu wanacheka, na yule mzungu naye hakuamini, ila hakucheka akaishia hapo, akasema nikirudi nitajaribu. Akarudi akampa fundi wake wa maabara ajaribu, fundi akaleta majibu kwamba kweli ya moto imewahi, lakini tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. Hapo huwa nacheka peke yangu. Jibu limekaa mbele yake anaona sio lenyewe. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, Mpemba na Osborne, na jina la mtoto wa Magamba likaingia kwenye fizikia ya dunia nzima, na yeye akaendelea zake na kazi za wanyamapori. Mimi friji langu siku nyingine ya moto inawahi siku nyingine haiwahi, na ulinambia wasomi bado wanabishana mpaka leo, sawa, wabishane, lakini aliyewaanzishia ubishi ni nani?

Sasa usije ukasema mama anajifanya mtakatifu. Friji hilohilo. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, wewe ulikuwa chuo, likaacha kugandisha, ndo muda barafu na juisi ya ukwaju zinaenda kama njugu. Kuna kijana alikuwa anatuletea maji kwa mkokoteni, shati limechanika mgongo mzima, ananuka jasho la wiki. Akasimama mlangoni akasema mama nitazame. Nikamwambia usiniguse friji langu na hiyo mikono. Nikaita fundi wa mjini, kaja na begi, kalamu mfukoni, shati limepigwa pasi, kaangalia dakika tano akasema gesi imeisha, elfu sitini. Nikatoa. Likawaka siku moja likafa, simu yake hapokei.

Yule wa mkokoteni kaleta maji siku ya tatu, hakusema kitu, kashusha madumu yake. Akawa anaondoka. Nikamwita mimi, kwa sauti ya kununa, maana aibu na mimi hatujazoeana. Akanawa mikono kwanza. Hilo ndo lilinichoma, akanawa mpaka kwenye viwiko, na sabuni yangu ya kufulia. Kisha akalivuta friji kutoka ukutani akaweka sikio nyuma kwenye kompresa kama anasikiliza mtoto tumboni, akaniita, mama njoo usikilize. Nikainama. Linanguruma kidogo, tik, linanyamaza. Dakika mbili, linanguruma, tik, linanyamaza. Akasema linataka kuwaka linashindwa, gesi ipo, ni rilei hii. Kidude cha kukaa kiganjani, cha kuiwasha kompresa. Akaenda kwa wauza skrepa akang'oa kwenye friji bovu, kesho yake kafunga, elfu nane pamoja na chai. Ndo mpaka leo linafanya kazi na ndo lililolipa nusu ya hosteli yako. Nikamuuliza umejifunzia wapi, akasema alikuwa analala kwenye karakana ya mtu kama mlinzi, usiku anafungua vitu anafunga. Kasoma mpaka darasa la tano. Siku hizi nikimwona namwita fundi kwa sauti, watu wote wasikie, lakini ile "usiniguse friji" naye aliisikia na sikuwahi kuisemea kitu, nampa tu barafu bure na anajua ni za nini.

Kwahiyo naijua hiyo macho yako ilikotoka. Hukuiokota chuo.

Haya tuje kwenye safari. Alhamisi basi lenu likitoka Tanga alfajiri, pale Segera mnafika saa moja hivi, mimi nitakuwa upande wa wauza machungwa, usishuke, nitakupitishia dirishani. Nimekuwekea sweta mbili, wanasema Kasulu asubuhi kuna baridi, usibishe. Kanga doti moja mpya. Mshahara wa kwanza usimkopeshe mtu, hata mwalimu mkuu akililia. Dagaa na mawese nitumie ukipata mtu anakuja, lakini mawese uyafunge vizuri sio kama yule aliyemwaga kwenye nguo za watu. Bati la jiko linavuja palepale, baba yako anasema kesho tangu mwezi wa nne. Na usiingie na simu darasani. Hiyo nilisahau kuiandika juu.

Kingine. Nilivokuwa natafuta begi lako stoo nimekuta kava la lile daftari la michoro la kaka yako. Kava tu. Kurasa za ndani unajua zilikwenda wapi, mwaka ule wa mvua kuni zilikuwa mbichi na mimi nilikuwa na hasira ya matokeo. Zile mashine alizokuwa anachora, za kumenya machungwa sijui, mimi nilikuwa naona anamaliza kalamu. Na niliyoyasema siku ile mbele ya wageni ulikuwepo. Hela ya umeme ananitumia kila tarehe tano, haijawahi kupita, haandiki kitu. Juzi nikamwandikia nimepata mwanangu, akajibu sawa.

Si unalala Dodoma kabla ya kubadilisha gari? Atakuja kukupokea, wewe anakupenda. Kava nimelifuta vumbi nikaliweka chini ya sweta, mpe. Usimwambie mimi nimesema nini. Au mwambie tu, utaona mwenyewe uso wake ukoje. Chapati ziko sita, nne zako mbili zake, ile ya juu yenye mafuta mengi ni yake.

Leo Jumatatu. Kesho unafunga mizigo, Jumatano huna kazi. Shule iko palepale na yule kijana yuko palepale, na pampu najua ni ya baiskeli anayopandia kuja shule. Nenda ukamjibu, na ukishamjibu muulize na yeye ana lingine lipi, hana moja huyo.

Umeme umerudi, naenda kufunga barafu.

Mama yako