KKS ya shule ya msingi imenirudia ukubwani

Mhariri, salaam. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Morogoro, hesabu fomu foo nilipata F wala sifichi. Siku moja mteja kaniuliza hivi namba yangu ya siri ikitoka kwenye simu haiibiwi njiani? Nikabaki kuchekacheka tu. Tangu hapo usiku nikishafunga kibanda na bando la usiku likaanza najifundisha mwenyewe jinsi siri inavyofichwa kwa hesabu, tovuti ya Khan Academy kwanza halafu masomo ya MIT, chuo cha Marekani, ambayo yako bure kabisa.

Sasa kilichonitesa si hesabu, ni maneno. Kuna neno refu la Kiingereza lilinisumbua siku mbili kumbe ni KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa namba mbili bila baki, ile ile tuliyochapiwa viboko shule ya msingi! Na zile namba wanazozisifia ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe. Hata hesabu ya baki wanayoielezea kwa saa ya ukutani sisi tunaifanya kila siku, simu inaandika 8 tunasema saa mbili, inaandika 3 tunazunguka mpaka saa tisa. Mgeni akitusikia anaona kama tunaongea kwa mafumbo.

Mtindo wa kufunga ujumbe nilioung'ang'ania ni RSA, wa Rivest, Shamir na Adleman, 1977 (Mwingereza Clifford Cocks alishaupata 1973, serikali yake ikaukalia hadi 1997). Unazidisha namba tasa mbili, jibu unampa kila mtu, zenyewe unaficha. Nikachukua 5 na 11, nikapata 55, nikapunguza moja kwa kila namba tasa, 4 mara 10 ni 40, nikachagua 5 iwe ya kufungia. Ya kufungulia ni ile ukiizidisha na 5 ukagawa kwa 40 inabaki 1. Nikatafuta usiku kucha, 1 mpaka 39, daftari limejaa, baki inakuja 5, 10, 15, inarudi sifuri, moja haiji ng'o. Nikaona hawa jamaa wamenidanganya. Kumbe KKS ya 5 na 40 ni 5 na inatakiwa iwe 1! Nikaweka 3, ya kufungulia ikawa 27 maana 3 mara 27 ni 81, nikafunga 7, yaani 7 mara 7 mara 7 ni 343, ukigawa kwa 55 inabaki 13, nikaifungua hiyo 13 kwa njia ile ile ila kwa 27, kwa Python (lugha ya kuandikia programu) kwenye simu, ikarudi 7, jamani nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Najua 55 hata mtoto anaivunja akapata zile namba tasa mbili. Namba ya kina Rivest ya tarakimu 129 waliyoitoa 1977 na zawadi ya dola 100 ilivunjwa 1994, na ilihitaji watu kama 600 waliojitolea kompyuta zao.

Ombi langu, ukurasa wenu wa elimu kila wiki ni matokeo ya mitihani na picha za waliofaulu, tupeni basi kakona kadogo tu ka hesabu kwa Kiswahili. Tukivuka fomu wani maneno yote yanabadilika, KKS inafia hapo, na mtu anamaliza shule akiamini hakuwahi kusoma kitu ambacho alikisoma kabisa.

Mnaweza kuanza na hii. Namba ya wazi ni 33, ya kufungia ni 3, na mimi nimewatumia 31. Atakayeifungua awaandikie nyie, mimi jibu ninalo.

Wakala, Morogoro